Jinsi ya Kufuatilia Kukua kwa Nguvu ya Dola Ulaya, 1200–1500: Anza na Stakabadhi

Mwishoni mwa Mei 1381, ofisa wa mfalme aitwaye John Bampton aliketi katika mji mdogo wa Brentwood, jimbo la Essex, mashariki ya London, akawaita watu wa vijiji vya jirani waje waeleze kwa nini kodi ya kichwa iliyopitishwa miezi sita kabla haikukusanywa yote. Kwa mujibu wa tarihi moja ya wakati ule, watu wa kijiji cha Fobbing walimjibu kwamba hawatatoa hata peni moja zaidi, kwa kuwa kodi hiyo walikwisha kuilipa na stakabadhi wanayo, tena stakabadhi yenyewe ilitoka kwake yeye Bampton. Ofisa yule alijaribu kuwatisha kwa askari wawili aliofuatana nao, akaamuru wakamatwe. Watu wakamgeukia, naye akatimua mbio kurudi London. Wiki mbili baadaye Chansela wa ufalme (mkuu wa ofisi ya barua na mhuri wa mfalme), Askofu Mkuu Simon Sudbury, na Mhazini Robert Hales walikuwa wamekwisha kukatwa vichwa na waasi nje ya ngome ya London.

Anayetaka kuelewa jinsi dola zilivyopata nguvu katika sehemu ya mwisho ya Enzi za Kati namshauri aanzie kwenye stakabadhi hiyo ya Fobbing, wala asianzie kwenye sherehe ya kumtawaza mfalme au kwenye uwanja wa vita. Wanafunzi wengi huorodhesha wafalme wakali na vita walivyoshinda, kisha wakahitimisha kwamba dola imekua. Nami nilianza hivyo hivyo, na nikapoteza muda mwingi kabla ya kutambua kwamba orodha ya wafalme haisemi lolote kuhusu kilichotokea mtu wa mfalme alipobisha hodi kwenye mlango wa mkulima. Ukianzia mlangoni utakutana na mambo mawili ambayo ni lazima uyapime kila moja kwa kipimo chake: kile ambacho dola ilikijua na kukiandika, na kile ambacho iliweza kukitekeleza. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyapima, na namna ya kuusoma mwanya uliopo kati yake.

Weka mipaka kabla ya kufungua kitabu

Chagua kwanza nchi moja. Napendekeza Uingereza, si kwa sababu ilikuwa na mfalme mwenye nguvu kuliko wengine, bali kwa sababu nyaraka zake zimesalia kwa wingi usio wa kawaida, na nyingi zimechapishwa au zimewekwa kwenye intaneti. Orodha za kodi, kwa mfano, zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko Kew, London, chini ya alama E 179, na faharasa yake husomwa bila malipo.

Kisha amua neno "dola" utalitumia kwa maana gani. Watu wa wakati ule walizungumza zaidi juu ya taji, ufalme, au jumuiya ya watu wa ufalme. Dhana yetu ya dola kama chombo kisichotegemea uhai wa mtu fulani ilikuwa bado inajengeka. Maana inayofaa kwa kazi hii ni nyepesi: uwezo wa mamlaka moja ya kati kuchukua fedha, kuhukumu na kuamuru watu wa mbali ambao haijawahi kuwaona, mwaka baada ya mwaka, kupitia maofisa wanaoweza kuitwa na kuhojiwa juu ya hesabu zao. Sehemu ya mwisho ya maana hiyo usiiache, kwani mnyang'anyi yeyote mwenye farasi anaweza kuchukua fedha, lakini hakuna anayemtaka alete hesabu.

Jifunze pia fedha na kalenda yao, maana makosa mengi huanzia hapo. Pauni 1 ilikuwa shilingi 20, na shilingi 1 ilikuwa peni 12, hivyo pauni ilikuwa na peni 240. Marki, ambayo utakutana nayo mara kwa mara kwenye hesabu, ilikuwa shilingi 13 na peni 4. Mwaka wao ulianza Machi 25, kwa hiyo hati ya Uingereza iliyoandikwa Februari 1380 kwa kalenda yao ni ya Februari 1381 kwa kalenda yetu. Tena, maneno "kodi ya kichwa" yanambebea msomaji wa Kenya au Tanzania kumbukumbu za ukoloni. Kumbukumbu hizo ni za haki, lakini ziweke kando kidogo unaposoma habari za 1380, kwa sababu kodi ile ilijadiliwa na kupitishwa na baraza la nchi yenyewe, na jambo hilo ndilo linaloifanya iwe ya kufundisha.

Chagua kodi moja, uifuate kutoka mlangoni hadi barazani

Usijaribu kusoma kodi zote kwa pamoja. Shika moja, kisha rudi nayo nyuma hatua kwa hatua: nani aliipokea, nani aliikadiria, nani aliikubali, nani aliiomba, na kwa nini aliihitaji. Kodi ya kichwa ya 1380 inafaa kuliko zote kwa mazoezi ya kwanza, kwa sababu ilivunjika, na kitu kilichovunjika huonyesha vizuri jinsi kilivyoungwa.

Ili uielewe, itakubidi ujue kodi iliyotangulia. Tangu 1207, wakati Mfalme John alipotoza sehemu moja ya kumi na tatu ya thamani ya mali zinazohamishika na kupata karibu pauni 60,000, wafalme wa Uingereza walikuwa wakirudi kwenye njia hiyo hiyo: wakadiriaji walizunguka nyumba kwa nyumba wakihesabu ng'ombe, nafaka na vyombo, kisha sehemu fulani ya thamani ikatozwa. Mwaka 1290, Edward wa Kwanza alipata kwa njia hiyo zaidi ya pauni 110,000. Hata hivyo ukadiriaji ulikuwa mzigo mzito, na rushwa haikukosekana, hivyo mwaka 1334 serikali ilikubaliana na kila kijiji na kila mji juu ya kiasi maalumu, jumla yake ikiwa kama pauni 37,000 au 38,000 kwa kila mara kodi inapoidhinishwa. Tangu hapo kijiji chenyewe kiligawana mzigo kwa namna kilivyoona inafaa.

Tua kidogo hapo, kwa maana vitabu vingi hupita haraka. Mwaka 1334 serikali ilijipatia uhakika wa fedha kwa kukubali kutojua: haikujua tena nani katika kijiji alilipa, wala alilipa kiasi gani. Kisha ikaja tauni ya 1348 na 1349, ikaua sehemu kubwa ya watu, vijiji vingine vikabaki na wakazi wachache na kiwango kile kile cha 1334, na walionusurika wakaanza kulipwa mishahara mikubwa ambayo kodi ya zamani haikuigusa. Vita dhidi ya Ufaransa viliporudi kuwaka mwaka 1369 na kwenda vibaya, washauri wa mfalme walitaka kodi itakayomfikia mtu mmoja mmoja. Ndipo mwaka 1377 kila mtu aliyezidi umri wa miaka 14, mwanamume kwa mwanamke, isipokuwa ombaomba, akatakiwa kulipa peni 4. Mwaka 1379 wakajaribu kodi ya viwango, mtukufu akilipa marki kadhaa na mtu wa kawaida peni 4, lakini mapato yakawa haba.

Novemba 1380 Bunge lilikutana Northampton. Chansela Sudbury aliomba pauni 160,000. Wawakilishi wa majimbo na miji wakasema kiasi hicho hakivumiliki. Baada ya mabishano wakakubali pauni 100,000, kwa sharti kwamba makasisi wabebe theluthi yake. Sehemu ya walei ingetoka kwenye kodi ya peni 12 kwa kila aliyezidi miaka 15. Kwa kibarua, huo ulikuwa ujira wa siku tatu au nne. Sheria ilisema matajiri wa kijiji wawasaidie maskini, ili mradi wastani ufike peni 12 kwa kichwa, jambo linaloonekana la huruma mpaka uulize swali ambalo mwanakijiji aliliuliza mara moja: je, kijiji kisicho na tajiri? Palipokuwa na kabaila mwenye nyumba kubwa, maskini aliweza kulipa peni 4. Pasipokuwa naye, kila mmoja alitoa shilingi nzima.

Sasa zitazame hesabu. Mwaka 1377 waliorodheshwa walipaji wapatao 1,355,000. Mwaka 1381 waliorodheshwa kama 896,000. Katika miaka minne zaidi ya watu 450,000 walitoweka, na tofauti ya mwaka mmoja katika umri wa kuanzia kulipa haiwezi kueleza pengo kubwa kiasi hicho. Ukichukua orodha za vijiji vyenyewe utaona waliotoweka ni akina nani. Ni mabinti wasioolewa, dada, mama wajane na watumishi wa kike. Katika orodha nyingi wanaume wanawazidi wanawake kwa kiasi ambacho hakuna maumbile yanayoweza kukieleza. Chukulia nyumba yenye baba, mama, binti wawili watu wazima na bibi. Kwa sheria ilipaswa kutoa shilingi 5. Mkusanyaji, ambaye mara nyingi ni mtu wa hapo hapo na anajulikana na kila mmoja, anaandika mume na mke, anapokea shilingi 2, na mambo yanakwisha. Unapofanya zoezi hili kwa orodha halisi, usihesabu walioandikwa tu. Gawanya wanaume kwa wanawake, walioolewa kwa wasioolewa, na uandike pembeni ni kundi gani halionekani.

Katika Hazina makarani walilinganisha orodha za 1381 na zile za 1377, wakaona wameibiwa, na Machi 1381 tume zikatumwa majimboni kuhoji upya. Katika tukio hilo dola inaonyesha sura zake mbili kwa wakati mmoja. Kwa upande mmoja, serikali iliyoko Westminster iliweza kutambua kwa maandishi tu, bila mtu kuinuka kitini, kwamba mamia ya watu wa wilaya fulani ya mbali wamefichwa. Uwezo wa namna hiyo serikali chache za wakati ule zilikuwa nao. Kwa upande mwingine, ulipofika wakati wa kutekeleza, ilichoweza kukipeleka Brentwood ni bwana mmoja na askari wawili. Andika sura zote mbili. Ukiandika ya kwanza peke yake utasema dola ilikuwa imara, ukiandika ya pili peke yake utasema ilikuwa dhaifu, na kila mara utakuwa umekosea nusu.

Watafute makarani

Hatua inayofuata ni kuuliza maandishi yenyewe yalitoka wapi. Kwa kila hati unayoishika, jiulize nani aliiandika, kwa ajili ya nani, nakala yake ilikaa wapi, na kama mtu aliyeihitaji miaka 20 baadaye angeweza kuipata. Swali hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana.

Julai 1194, Mfalme Philip wa Pili wa Ufaransa alishambuliwa ghafla na majeshi ya Richard wa Kwanza wa Uingereza karibu na Fréteval. Alinusurika, lakini mizigo yake ilitekwa, na ndani ya mizigo hiyo mlikuwa na hati na hesabu za ufalme, kwa sababu mfalme alizoea kusafiri nazo kila aendako. Baada ya hasara hiyo, kumbukumbu za Ufaransa zilianza kutunzwa Paris, mahali pamoja. Uingereza nayo, tangu kutawazwa kwa John mwaka 1199 na miaka michache iliyofuata, ofisi ya Chansela ilianza kunakili kwenye mikunjo mirefu ya ngozi barua zilizotoka, ili mfalme ajue alichokiahidi na aliyeahidiwa.

Kama unataka kipimo cha haraka cha ongezeko la maandishi, tazama nta. Kila barua rasmi ilifungwa kwa mhuri wa nta, na hesabu za matumizi ya nta zimesalia. Mwishoni mwa miaka ya 1220 ofisi ya Chansela wa Uingereza ilitumia chini ya kilo 2 kwa wiki; mwishoni mwa miaka ya 1260 ilikuwa ikitumia zaidi ya kilo 14. Idadi ya watu haikuongezeka mara saba katika miaka 40, wala mfalme hakuwa mmbeya mara saba zaidi. Kilichoongezeka ni mambo ambayo sasa hayakuweza kufanyika bila barua.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila kumbukumbu ilikuwa ya wino. Hesabu za Hazina ya Uingereza zilifanywa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha mirabaraba kama ubao wa drafti, na ofisi ile ikapata jina lake kutokana na kitambaa hicho. Sherifu, yaani mwakilishi wa mfalme katika jimbo, alikaa upande mmoja, maofisa upande wa pili, na vihesabio vikasogezwa kutoka mstari hadi mstari mbele ya macho ya wote. Stakabadhi aliyopewa ilikuwa kijiti cha mti. Mkato wenye upana wa kiganja ulikuwa pauni 1,000, wa kidole gumba pauni 100, wa kidole cha mwisho pauni 20, na wa punje ya shayiri iliyoiva pauni 1. Baada ya kukatwa alama, kijiti kilipasuliwa kwa urefu wake, kila upande ukabaki na nusu, na hakuna aliyeweza kuongeza mkato kwenye nusu yake bila kuumbuliwa zilipokutanishwa. Utaratibu huu ulimbana mlipaji na mpokeaji kwa pamoja, nao ndio ukoo wa ile stakabadhi ya Fobbing.

Wasikilize wanaokataa

Kila kodi uliyoisoma itafutie mtu aliyeikataa, na usome sababu alizotoa, kwa kuwa katika sababu hizo mna mpaka wa nguvu ya dola kama watu wa wakati ule walivyouona. Mwaka 1296 Papa Boniface wa Nane alikataza makasisi kulipa kodi kwa watawala bila idhini ya Roma. Philip wa Nne wa Ufaransa alijibu kwa kuzuia fedha na dhahabu kutoka nje ya ufalme wake, hivyo Papa akakosa mapato yake ya Ufaransa na akalegeza msimamo mwaka uliofuata. Uingereza, Edward wa Kwanza aliwaondolea makasisi wagumu ulinzi wa sheria yake mpaka wengi wao wakalipa. Lakini mwaka huo huo wa 1297 makabaila walikataa kutozwa bila kuombwa, na wafanyabiashara walikuwa wakilalamikia ushuru wa shilingi 40 kwa kila gunia la sufu, wakati kiwango cha 1275 kilikuwa shilingi 6 na peni 8. Mfalme akalazimika kuithibitisha upya Hati Kuu (Magna Carta), katika toleo lake la 1225, na kukubali kwamba kodi za namna hiyo hazitatozwa bila ridhaa ya ufalme.

Wengi huliandika tukio la 1297 kama kushindwa kwa dola. Kwa maoni yangu lisomwe kinyume chake. Kodi iliyokubaliwa na wawakilishi wenye mamlaka ya kuwafunga waliowatuma ni rahisi kuikusanya kuliko kodi ya amri, kwa sababu mkataaji hagombani tena na mfalme bali na jirani zake. Bunge lilimpunguzia mfalme uhuru wake na kumwongezea mapato yake kwa wakati mmoja.

Kuhusu 1381, usiishie kwenye damu. Fuata walichokichoma. Kutoka Essex hadi Cambridge waasi walitafuta orodha za kodi, daftari za mahakama za mabwana wa ardhi na hati za vyuo, wakaziwasha moto; Cambridge anatajwa mwanamke mmoja mzee, Margery Starre, akipeperusha majivu ya hati huku akiulaani ujuzi wa makarani. Ni rahisi kuona hapo watu wanaochukia maandishi. Lakini tazama Mile End, nje kidogo ya London, Juni 14: Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, alipowauliza wanataka nini, walitaka hati za uhuru zilizoandikwa na kupigwa mhuri wake, na makarani wakakalishwa kuziandika siku ile ile. Mkulima aliyechoma daftari la bwana wake asubuhi alisimama foleni mchana kusubiri karatasi ya mfalme. Julai 2 hati hizo zikafutwa zote, lakini serikali nayo ilijifunza: haikutoza tena kodi ya kichwa ya namna ile kwa raia wote katika karne iliyofuata, ikarudi kwenye viwango vya 1334.

Mahakama zisiachwe nje

Kodi si njia pekee. Baada ya tauni, Sheria ya Vibarua ya 1351 iliamuru mishahara irudi kwenye viwango vya kabla ya tauni, kwa hiyo serikali ya London ilianza kuamua fundi wa kijijini apokee nini kwa siku. Haikuwa na polisi wala ukaguzi wa kazi. Iliazima mikono: wenye ardhi wa majimbo, ambao tangu 1361 walipewa rasmi cheo cha majaji wa amani, walisimamia sheria ambayo ilikuwa na faida kwao wenyewe kama waajiri. Ukikutana na sheria iliyotekelezwa vizuri kuliko ulivyotarajia, uliza ni nani wa mahali pale alifaidika nayo.

Pima kwa nchi ya pili

Ukishamaliza Uingereza, chukua Ufaransa uone mwanya ule ule ukizibwa kwa njia nyingine. Mwaka 1356 Mfalme John wa Pili alitekwa na Waingereza huko Poitiers, na mkataba wa 1360 ukapanga fidia ya sarafu za dhahabu milioni 3 ili aachiwe. Wajibu wa kumkomboa bwana aliyetekwa ulikuwa desturi ya zamani ya ukabaila, na ndiyo maana watu hawakuweza kuipinga kwa urahisi. Lakini kodi za bidhaa na chumvi zilizotozwa kwa jina la fidia hiyo ziliendelea hata baada ya mfalme kufa mwaka 1364. Septemba 1380, akiwa kitandani siku ya kufa kwake, Charles wa Tano alifuta kodi ya kaya, pengine kwa kuogopa kuulizwa juu yake huko anakokwenda. Serikali ya mwanawe ilipojaribu kurudisha kodi, Paris na Rouen ziliasi mwaka 1382.

Miaka 60 baadaye hali ilikuwa tofauti. Nchi ilichoshwa na magenge ya askari wasiolipwa waliokuwa wakipora vijiji, na Novemba 1439 Charles wa Saba alitoa amri kwamba ni mfalme peke yake awezaye kuandikisha jeshi, na mabwana wasitoze watu wao kodi kwa ajili hiyo bila idhini yake. Mwaka 1445 aliunda vikosi 15 vya kudumu, kila kimoja chenye "mikuki" 100, na kila mkuki likiwa kundi la watu sita pamoja na farasi wao. Askari wale walilipwa kwa kodi iliyotozwa kila mwaka, na mfalme alizidi kuitoza bila kuita baraza kuu la nchi nzima, ingawa majimbo kama Languedoc yaliendelea kujadiliana naye kupitia mabaraza yao. Makabaila na makasisi walisamehewa kodi hiyo, na msamaha huo ulikuwa bei ya ukimya wao. Mlinganishe basi mtoza kodi wa Ufaransa mwaka 1450 na John Bampton: huyu wa kwanza ana kikosi kinacholipwa jirani yake, lakini hana baraza la kitaifa lililomkubalia.

Florence itakupa picha ya tatu, nayo ni fupi. Mwaka 1427 jamhuri hiyo iliwataka wakuu wa kaya wa mji na wilaya zake, kaya kama 60,000, waandikishe wenyewe nyumba, mashamba, madeni na hisa zao katika deni la umma, pamoja na idadi ya "vinywa" vya kulisha. Kwa wakazi wa mji, kila kinywa kilipunguza thamani ya kutozwa kwa florini 200 (florini ni sarafu ya dhahabu ya mji huo). Hakuna ufalme mkubwa wa wakati huo uliowajua watu wake kwa undani hivyo, lakini hapo tunazungumzia eneo la watu wapatao 260,000 tu. Ujerumani usiilazimishe kuingia kwenye picha hii, maana Hati ya Dhahabu ya 1356 ilithibitisha haki za watawala saba waliomchagua mfalme, na huko nguvu ilikua mikononi mwa watawala wa majimbo zaidi kuliko ya Kaisari.

Unapoandika

Chora safu mbili kwenye karatasi. Katika ya kwanza andika, kwa kila mwaka uliousoma, kile ambacho serikali ilikijua: nani analipa, wako wangapi, wana nini. Katika ya pili andika ilichoweza kukilazimisha, na kwa mikono ya nani. Mwaka 1334 safu ya kwanza inapungua na ya pili inaongezeka; mwaka 1377 zote zinapanda; mwaka 1381 ya kwanza iko juu na ya pili inaporomoka; mwaka 1445, kwa Ufaransa, ya pili inaipita ya kwanza. Insha yako itajengwa juu ya mabadiliko hayo, na miaka ambayo safu hazikubaliani ipe kurasa nyingi zaidi.

Mwishowe kagua kilichopotea kabla hujatoa hukumu juu ya kilichosalia. Vijiti vya hesabu viliendelea kutumika Uingereza hadi 1826, na Oktoba 1834 marundo yake yalichomwa kwenye majiko yaliyokuwa chini ya ukumbi wa Baraza la Mabwana la Bunge. Moto ukazidi, na jengo karibu lote la Bunge likateketea usiku huo. Vichache vimesalia. Hivyo hesabu nyingi za Hazina unazozisoma leo ni za upande wa wino peke yake, na vijiti vingi, vyenye mkato wa punje ya shayiri kwa kila pauni iliyotolewa, vimebaki majivu.